Kubadilisha paa la nyumba ya mita 12 kwa 9, Kigoma: shajara ya kazi, Juni hadi Oktoba 2024

Jumamosi, 8 Juni 2024: ukaguzi na vipimo

Nyumba iko Gungu, ukuta wa tofali za kuchoma, mita 12 kwa 9 ukipima nje kwa nje. Paa ni la mgongo wa tembo (miteremko miwili). Bati ni za migongo midogo, geji 32 (kipimo cha unene), futi 10 na futi 8 zikipandana katikati ya mteremko. Kutu imekula zaidi sehemu mbili: pale bati linapopandana na jingine, na kuzunguka kila msumari. Kutoka juu ya ukuta hadi mgongoni (kilele cha paa) ni sentimita 80 tu kwa nusu ya nyumba ya mita 4.5, yaani kama nyuzi 10. Kwa mteremko huo maji hushuka polepole, na upepo ukivuma huyarudisha juu hadi kwenye maungio. Dari limechafuka mistari miwili iliyonyooka kabisa, chini ya maungio hayo hayo.

Kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) zilikaguliwa kwa bisibisi. Mbao nzima humeza ncha milimita mbili au tatu ukisukuma kwa kiganja. Kwenye iliyokwisha kuliwa ncha huzama sentimita nzima bila nguvu. Kenchi 7 kati ya 9 zimeliwa na mchwa pale zinapolala juu ya ukuta. Huwezi kuzikagua ukiwa umesimama sebuleni na tochi, maana katikati zinaonekana nzima. Uamuzi: kenchi zote mpya.

Vipimo vya paa jipya, kwa atakayetaka kunakili. Kimo cha mgongo mita 1.65, mteremko nyuzi 20. Paa linatoka nje ya ukuta sentimita 60 pande zote (huo ndio ushungi), kwa hiyo mgongo una mita 13.2. Nusu ya upana pamoja na ushungi wa nje ni mita 5.1, ukiigawa kwa 0.94 (kosaini ya nyuzi 20) unapata urefu wa mteremko, mita 5.43. Bati zitaagizwa mita 5.5 kipande kimoja, bila ungio katikati. Kuinua paa kutoka nyuzi 10 hadi 20 kunaongeza sentimita 25 tu kwa kila bati.  Ni bei ndogo ya kuondokana na ungio lililokuwa likivuja miaka yote.

Makadirio ya mwanzo: shilingi 8,513,500.

Jumatano, 19 Juni: kibali

Watu wengi huchukulia kwamba paa ni ukarabati wa ndani ya uzio na hauhusu ofisi yoyote. Kung'oa bati bovu moja na kupigilia jingine ni jambo dogo. Hapa tunabadili umbo: mgongo unapanda sentimita 85, kuta za pembetatu zinaongezwa tofali, kenchi zinapangwa upya. Kwenye mji uliopangwa chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, hilo linaombewa kibali manispaa.

Kilichopelekwa: barua ya serikali ya mtaa, nakala ya hati ya kiwanja, risiti ya kodi ya ardhi, barua ya maombi na mchoro. Maombi yalirudi mara moja, na kosa lilikuwa letu. Mchoro ulionyesha paa kwa juu na kwa mbele tu. Ofisi ya mhandisi ilitaka mkato, yaani nyumba kama imepasuliwa katikati, uonyeshe kenchi inavyolala ukutani, nini kinaizuia isipeperuke, na maji ya paa yanaangukia wapi. Upande wa kaskazini ushungi uko mita 1.1 kutoka mpaka wa jirani, kwa hiyo kibali kimekuja na sharti: upande huo ufungwe gata (mfereji wa maji ya paa), maji yasianguke kwa jirani.

Mchoro umegharimu 150,000 na ada 60,000. Ada hulipwa kwa namba ya malipo ya serikali, benki au kwa simu, na risiti yake huonekana kwenye mfumo. Nakala ya kibali imefungwa kwenye mfuko wa nailoni na kutundikwa kwenye kiwanja, maana mkaguzi akipita huanza kwa kuuliza hiyo.

Kodi ya jengo haipandi kwa sababu ya bati jipya. Kwa nyumba ya kawaida isiyo ya ghorofa ni kiwango kimoja, 1,500 kwa mwezi, na inakatwa kwenye LUKU.

Kwa wenye nyumba za zamani zenye paa la asbesto (zile karatasi nene za kijivu za saruji): msifuate shajara hii kwenye hatua ya kubomoa. Asbesto ni taka hatarishi chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, na vumbi lake husababisha saratani ya mapafu. Haipigwi nyundo, haikatwi, haitupwi dampo la kawaida. Anzieni NEMC (Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira) kabla ya kumwita fundi.

Jumamosi, 29 Juni: mbao

Orodha: 2x6 vipande 80, 2x4 vipande 55, 2x2 za papi (zinazopigiliwa bati) vipande 60, fisha bodi (ubao wa ukingo wa paa) 1x8 vipande 14, zote futi 12, paini iliyotiwa dawa. Bei za hapa mjini wiki hii: 2x6 ni 15,000, 2x4 ni 10,000, papi 5,500, fisha bodi 16,000. Jumla 2,304,000, usafiri wa kirikuu safari tatu 90,000.

Dai risiti ya EFD, na hakikisha muuzaji ana nyaraka za misitu za mzigo ule. Mbao zinazosafiri bila kibali cha TFS (Wakala wa Huduma za Misitu) zinaweza kuzuiwa njiani, na aliyekutwa nazo ndiye mwenye maelezo ya kutoa. Ukinunua mbao Kasulu kwa bei nafuu na kuzileta mwenyewe, hesabu na hilo.

Kosa la leo: papi 60 zilipokelewa kwa kuangalia rangi. Zilikuwa za kijani, kijani kizuri kabisa. Moja ilipokatwa kwa ajili ya kujaribu kipimo, ndani ilikuwa nyeupe. Kijani kilikuwa ngozi ya juu, unene wa kucha. Mbao iliyotiwa dawa kwa mtambo wa mgandamizo huonyesha rangi imeingia ndani ya nyama ya mbao pande zote, ikiacha labda kiini. Hizi zilichovywa tu. Mchwa wa Kigoma hahitaji zaidi ya ufa mmoja kupita ngozi hiyo. Vipande vitano zaidi vilikatwa kutoka sehemu tofauti za rundo, vyote hivyo hivyo. Muuzaji alikubali kuzibadilisha, lakini gari la kurudisha na kuleta lilikuwa juu yetu, 30,000, na siku nne zimepotea.

Kanuni tuliyoiandika ubaoni: kabla ya kupakia, omba kipande kimoja kikatwe katikati, wala usikubali kikatwe mwishoni. Mwishoni dawa huingia hata kwa kuchovya.

Na jambo moja ambalo saidia fundi wote wameambiwa: vipande vinavyobaki vya mbao za dawa si kuni. Dawa ile ina shaba, kromiamu na aseniki. Moshi wake ni sumu na majivu yake ni sumu zaidi. Vinafukiwa mbali na kisima, au vinatumika kwenye kazi nyingine ya ujenzi.

Jumamosi, 6 Julai: kubomoa

Kazi ya siku mbili. Fundi wawili kwa 30,000 kwa siku, vibarua wanne kwa 15,000. Jumla 240,000. Kabla ya hapo umeme ulikatwa, waya wa kutoka kwenye nguzo ulihamishwa kwa utaratibu wa TANESCO, na fundi umeme mwenye leseni ya EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) alizitoa nyaya zilizopita juu ya kenchi: 80,000.

Bati zilianza kutolewa mgongoni kushuka chini, kila upande kidogo kidogo. Ukimaliza upande mmoja wote wakati ule mwingine bado umebeba bati, kenchi dhaifu husukumwa na uzito wa upande mmoja na zinaweza kuangukia dari. Bati 48 zilikuwa bado za kufaa banda la kuku au jiko; ziliuzwa 4,000 kila moja, 192,000.

Jumanne, 9 Julai: juu ya ukuta hakuna linta (mkanda wa zege)

Hiki ndicho kitu kikubwa kwenye kazi nzima, na tungekijua tarehe 8 Juni kama bati moja la pembeni lingefunuliwa na mkono ukapapasa chini ya mbao ya kulalia kenchi. Haikufanyika.

Mbao hiyo ilikuwa imekaa juu ya tofali kavu. Imefungwa kwa waya mmoja mwembamba uliopitishwa kozi (safu za tofali) mbili chini na kukunjwa. Linta ya madirisha ipo, lakini juu yake kuna kozi tano za tofali zilizojengwa kwa udongo, saruji imepakwa nje tu. Kozi ya juu kabisa inatoka kwa mkono, tofali moja moja.

Maana yake ni hii. Upepo unapopita juu ya paa hulivuta kwenda juu. Bati jipya nene, skrubu nzuri na kenchi imara havisaidii chochote ikiwa kilichoshika kenchi ni uzito wa kozi mbili za tofali. Paa lote huondoka likiwa zima, pamoja na mbao zake. Kudumu kwa paa lililopita si ushahidi. Hili jipya lina kimo mara mbili na linakamata upepo zaidi.

Kwa hiyo: kozi tano za juu zimetolewa, nne zimejengwa upya kwa saruji, na juu yake linta ya kuzunguka nyumba nzima, mita 42, sentimita 20 kwa 20. Hesabu yake:

Zege mita za ujazo 1.68, mchanganyiko 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), saruji mifuko 13 pamoja na ya kujengea (22,000 mfuko hapa Kigoma), 286,000. Nondo mm 12 nne kwa urefu wote, na mapandano ya sentimita 60, vipande 16 kwa 27,000, ni 432,000. Ringi (pete za kushika nondo) za mm 8 kila sentimita 20, jumla 210, zimekula vipande 13 kwa 13,000, yaani 169,000. Mchanga na kokoto 230,000. Waya wa kufungia kilo 3, 18,000. Fundi na vibarua 250,000. Shata (boksi la mbao la kumwagia zege) ilitengenezwa kwa fisha bodi na papi za zamani, bila gharama. Jumla 1,385,000, ambayo haikuwemo kwenye makadirio hata senti.

Manispaa ilijulishwa kwa barua fupi na mkato uliorekebishwa, kwa kuwa mchoro wa awali haukuwa na linta hiyo. Haikuongeza ada.

Jumatatu, 15 Julai: zege na vishikizo

Linta imemwagwa siku moja, asubuhi hadi saa tisa. Usiigawe siku mbili ukiweza kuepuka. Ikilazimu, achia ungio katikati ya ukuta, kamwe usiache kwenye kona.

Ndani ya zege, kabla halijakaza, zimesimamishwa nondo za mm 8 urefu wa sentimita 60, sentimita 15 zikiwa zimekunjwa ndani. Jozi moja kila kenchi kila upande, jumla sehemu 22. Hizi ndizo zitakazokunjwa juu ya kenchi na kuifunga. Kenchi ziko kila mita 1.2, kwa hiyo nondo nazo kila mita 1.2.

Zege limefunikwa magunia na kumwagiliwa asubuhi na jioni kwa siku saba. Kiangazi cha Julai hapa ni kikavu na upepo wa ziwani hunyonya maji haraka. Zege lisilomwagiliwa hupasuka nyufa nyembamba kama nywele kabla ya wiki kuisha.

Jumamosi, 27 Julai: kenchi, na nondo zilizokosa

Kenchi 11 zilitengenezwa chini, juu ya mchoro uliochorwa kwa chokaa kwenye kiwanja. Kila moja: mbao ya chini mita 9, mbili za mteremko, nguzo ya katikati, mikono miwili ya kutegemeza. Maungio ya mbao ya chini hayakuwekwa mahali pamoja kwenye kenchi zote, na kila ungio lina vibao pande zote mbili vya sentimita 60, misumari ya inchi 4 minane kila upande wa ungio. Ungio la kupandisha mbao kichwa kwa kichwa na msumari wa mshazari halibebi mvuto wowote.

Zilipopandishwa zote 11 na kupigiliwa kwenye mbao ya kulalia, ndipo ikaonekana kwamba kenchi tisa za katikati zimepita sentimita 20 pembeni ya nondo zao. Aliyesimamisha nondo alianza kupima kutoka uso wa ndani wa ukuta wa pembetatu. Aliyepanga kenchi alianza kutoka uso wa nje. Wote wawili walipima mita 1.2 sawasawa, na futi ni ile ile.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kuinamisha nondo hadi zifike. Nondo iliyoinama sentimita 20 haivuti kwenda chini, inavuta kwa upande, na upepo wa kwanza utainyoosha kabla haijashika. Pendekezo la pili, kuziacha na kufunga kwa waya wa kufungia, ndilo lililotufikisha kwenye ukuta wa tarehe 9. Kenchi tisa zimeng'olewa na kuhamishwa. Nafasi ya kwanza sasa ina mita 1.4 na ya mwisho mita 1.0, na papi za nafasi ya kwanza zimeongezewa kibao cha chini. Gharama ya kazi 60,000, siku moja na nusu.

Dawa ya kosa hili ni msumari mmoja. Pigilia msumari kwenye ukuta, uwe sifuri ya kila mtu, na andika kwa rangi "0" pembeni yake. Kila fundi anayekuja aanzie hapo.

Mikanda ya mshazari (2x4 vipande 8) imepigwa chini ya mbao za mteremko kutoka mgongoni hadi ukutani, pande zote mbili za nyumba. Bila hiyo kenchi zinaweza kulala zote kwa pamoja kama vitabu kwenye rafu.

Jumamosi, 10 Agosti

Kuta za pembetatu zimeongezwa: tofali 500 kwa 150, saruji mifuko miwili, fundi 80,000. Jumla 199,000. Papi zimepigwa mistari 7 kila upande, kila sentimita 90, na zimeachwa wazi wiki nzima zikauke. Mbao ya dawa ikiwa bado na unyevu hula bati la aluzinki (chuma kilichopakwa alumini na zinki) inapogusana nalo, na kutu huanzia chini ambako huioni. Fisha bodi zimepakwa rangi zikiwa chini, 45,000.

Jumamosi, 17 Agosti: bati, unene na upana

Bati ni za msauzi, aluzinki ya rangi. Kwanza unene. Geji ni jina la sokoni. Maduka mawili yalitupa sampuli ya mita moja, yote mawili yakisema geji 28. Moja lilikuwa na kilo 2.5, jingine 2.1, kwenye mizani ya duka la nafaka.

Njia ya kuhakiki bila kifaa maalumu: pitisha futi kamba juu ya bati kwa kufuata kila mkunjo, kutoka ukingo hadi ukingo. Hapa ilitoka sentimita 91.4. Zidisha upana huo ukiwa katika mita, unene ukiwa katika milimita, na 7.85 (msongamano wa chuma). Jibu ni kilo kwa kila mita. Kwa milimita 0.35 ni kilo 2.5, kwa 0.30 ni 2.15. Kwa hiyo yale mawili si bati moja, na tofauti ya bei iliyoonekana kama punguzo ilikuwa chuma kilichopungua. Oda iliandikwa "milimita 0.35" kwenye hati ya bei na kwenye risiti, kwa 18,000 kwa mita. Zilipofika, bati tano zilipimwa kila moja peke yake: wastani kilo 13.5, zilitarajiwa 13.8. Zimepokelewa.

Kisha upana, na hapa tulikosea. Bati hili lina sentimita 75 ukilipima ukingo hadi ukingo. Likilazwa, mgongo mmoja unapanda juu ya mwenzake, kwa hiyo linafunika sentimita 68.6 tu. Oda ilipigwa kwa 75: mita 13.2 gawa kwa 0.75, bati 18 kila upande, jumla 36. Ilitakiwa kugawa kwa 0.686: bati 20 kila upande, jumla 40. Mita 198 zimelipwa 3,564,000, usafiri 220,000. Bati nne zimepungua.

Bati nne zenyewe, 396,000, zingenunuliwa kwa vyovyote. Hasara ni usafiri wa pili, 85,000, na siku kumi za kusubiri. Na kuna la rangi: bati za oda ya pili zilitoka kwenye roli jingine, na jekundu lake ni jeusi kidogo ukilitazama jua la jioni. Zote nne zimepelekwa upande wa nyuma, mwisho wa paa, pamoja. Ukizichanganya katikati ya zingine zinaonekana kama viraka.

Jumamosi, 31 Agosti: kuezeka

Dhoruba za hapa hutoka upande wa milimani. Bati la kwanza linalazwa mwisho wa paa ulio mbali na upepo huo, na kazi inasogea kuelekea unakotoka, ili kila mdomo wa bati uangalie kule upepo unakokwenda. Upande wa kusini ulianza vizuri. Upande wa kaskazini fundi walianzia walipoegesha ngazi. Bati sita zilikuwa zimeshikwa na skrubu chache kabla ya kugundulika. Zilitolewa, na matundu yake yakajikuta kwenye nafasi ambazo baadaye zingebaki wazi. Hayo yamezibwa kwa skrubu zenye mpira na silikoni. Chupa nne za silikoni, 40,000, nyingi zimeishia hapo.

Bati la mita 5.5 hubebwa na watu watatu, likiwa limesimama kwa ukingo. Ukilibeba limelala linavunjika mgongo katikati, na mkunjo huo haunyooki tena. Kazi ilisimama kila saa nane mchana upepo wa ziwani ulipozidi. Bati mikononi mwa mtu aliye juu ya papi ni tanga, na walio juu walivaa mikanda ya usalama iliyofungwa kwenye kenchi.

Skrubu pakiti 12 za mia, 180,000. Zimepigwa juu ya mgongo wa bati, kamwe si kwenye bonde ambako maji hupita. Kipimo cha kukaza: mpira ujae hadi ukingo wa kikofia chake, usitoke nje. Ukitoka nje umepasuka, na jua la kiangazi kimoja humaliza kilichobaki. Drili ya fundi mmoja ilikuwa imewekwa nguvu ya mwisho. Skrubu kama 60 zilirudiwa.

Kofia za mgongoni 8 (144,000), vipande vya kufunika kingo za pembetatu 12 (180,000).

Jumamosi, 14 Septemba: vidoa vya kutu, na jaribio la maji

Wiki mbili baada ya kuezeka, bati tatu za mwisho wa kaskazini zina vidoa vya kahawia, vidogo kama mbegu za ulezi. Bati halina kosa. Bati la mwisho lilipunguzwa upana kwa grenda, likiwa juu ya paa. Cheche za grenda ni chembe za chuma cha moto. Zinaangukia rangi, zinajichomeka, zinapata umande na kushika kutu. Pia diski huunguza aluzinki kwenye ukingo uliokatwa. Bati hukatwa kwa mkasi wa bati, basi. Vidoa vimesuguliwa kwa sponji laini na maji ya sabuni, vilivyoacha alama vikapakwa rangi ya kugusia kwa brashi ndogo, na ukingo wote uliokatwa umepakwa mara mbili. 25,000.

Jaribio la maji lilifanyika kabla ya mvua, kwa mpira wa bomba, mtu mmoja juu na mmoja ndani ya paa na tochi. Anza chini kupanda mgongoni, dakika kumi kila sehemu. Ukianza juu, maji yanashuka kila mahali na hutajua tundu ni lipi. Yamepatikana mavujo mawili: skrubu moja iliyokosa papi kabisa, na kipande cha kingo ya mashariki kilichopandana sentimita 5 badala ya 15.

Jumapili, 6 Oktoba: mvua ya kwanza

Imenyesha usiku, kwa muda wa saa moja na nusu, na upepo. Ndani pakavu. Nondo za sehemu zote 22 zimekaguliwa asubuhi: hakuna iliyolegea.

Jumamosi, 12 Oktoba: hesabu na kilichobaki

Jumla iliyotumika ni 10,534,500. Ndani yake, mbali na yaliyokwisha tajwa, kuna misumari ya inchi 3, 4 na 5 kilo 35 (157,500) na ufundi wa kupaua uliokubaliwa kwa 900,000. Ukitoa bati za zamani zilizouzwa, inabaki 10,342,500.

Makadirio yamepitwa kwa 2,021,000. Makosa ya mikono na vipimo, yaani papi, nondo, usafiri wa bati, silikoni na rangi, ni 240,000 tu. Iliyobaki, 1,781,000, ni vitu vilivyohitajika tangu siku ya kwanza ila havikuonekana: linta na bati nne. Bati zote pamoja na usafiri ni asilimia 40 ya jumla. Anayekadiria paa kwa kuzidisha bei ya bati mara idadi anakadiria chini ya nusu ya kazi.

Gata haziko kwenye hesabu hii. Ya kaskazini, iliyo sharti la kibali, inafungwa wiki hii: vishikio 23, kila sentimita 60, na mwinamo wa milimita 5 kwa mita, kwa hiyo mwisho wake uko sentimita 6.6 chini ya mwanzo. Kwa mvua ya milimita 10 upande huo utashusha lita zipatazo 670. Ya kusini inasubiri msingi wa tanki.